Mume Wangu, Mjane wa Watu na Kaburi Tupu

Ningesimuliwa na mtu nisingeamini. Mume wangu nilimfumania makaburini.

Naitwa Encarna. Mume wangu ni Jofre. Tunaishi kijiji cha mizeituni, kusini mwa mji wa Lleida.

Ilikuwa Septemba 2017, Catalonia nzima inafukuta. Serikali yetu ya Barcelona imeitisha kura ya kujitenga na Hispania, Madrid imepiga marufuku, na polisi wanasaka masanduku ya kura hadi maghalani.

Mimi nilikuwa na msala wangu nyumbani.

Jofre alibadilika ghafla. Simu anapokelea uani. Nikiingia sebuleni, maongezi yanakatika. Anasema ametoka shamba, viatu havina hata udongo.

Shoga yangu wa duka la mikate akaninong'oneza kuwa gari la Jofre haliishi kuonekana kwa Neus. Neus ni mjane, amezika mume juzijuzi na bado anajipara kama bibi harusi.

Nikamuuliza Jofre kistaarabu. Akasema anamtengenezea bomba.

Bomba gani la kila siku?

Jumamosi moja mchana, watu wamejipumzisha baada ya kula, nikamfuata kwa miguu. Akampitia Neus. Wakaelekea makaburini, mmoja mbele mwingine nyuma, kama hawajuani.

Nikasema hawa hawana haya. Hata marehemu hawamstahi?

Makaburi yetu ni ya ukutani, yamepangwa kama makabati. Neus analo lake tupu, pembeni ya mumewe, linamsubiri. Jofre akasogeza jiwe, akapenyeza mkono.

Nikatokeza.

"Endeleeni tu. Mimi mpita njia."

Neus akakaa chini palepale. Nikamsukuma Jofre, nikachungulia mwenyewe.

Masanduku ya kura. Ya plastiki, meupe, vifuniko vyeusi.

Kwanza nilicheka. Kumbe hawara hakuna. Halafu nikamtazama Jofre usoni, kicheko kikanikauka. Hakuwa na sura ya mtu aliyefumaniwa. Alikuwa ananiogopa.

"Umeshamwambia mzee?" akaniuliza.

Mzee ni baba yangu, mzaliwa wa Badajoz, nje ya Catalonia, askari mstaafu wa serikali ya Madrid. Tulikuwa tunaishi naye.

"Kwa hiyo ulinificha kwa ajili ya baba?"

"Nilikuficha wewe, Encarna. Wenzangu wa kura walisema wewe ni damu yake. Na mimi sikuwabishia."

Nimemzalia watoto. Nimemuuguza mama yake mpaka anakata roho mikononi mwangu. Kumbe muda wote namshuku kama mume, yeye ananishuku kama mpelelezi. Bora ningemkuta na hawara, ningejua wa kumng'oa nywele.

Sikumwambia baba. Sikumwambia yeyote.

Siku ya kura mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tulijazana shuleni, tunapiga kura huku tumetega masikio. Habari zilishafika kwamba kwingine polisi wamevunja milango na kupiga watu marungu.

Mara magari yao yakaonekana barabarani.

Unajua watu walimtazama nani? Mimi.

Nikalibeba sanduku, nikaketi nalo mlangoni, nimelikumbatia. Magari yakapunguza mwendo, yakasita, halafu yakaenda zake.

Nilipoinuka Jofre alikuwa analia. Akaniomba radhi mbele ya kijiji kizima.

"Sasa najua uko upande gani," akasema.

"Hujui. Mimi nimepiga hapana."

Nikawaambia wazi: Hispania ni ya baba yangu, Catalonia ni ya wanangu, na mimi sitaki kuwatenganisha. Lakini hapana yangu ilikuwa ndani ya sanduku lile, na sikuwa tayari polisi waje waichukue.

Ninyi mlio kwenye ndoa, mtu muulizeni mwenyewe anasimama wapi. Msimsome kwa baba yake, wala kwa maneno ya dukani. Sisi wawili tulilala kitanda kimoja, kila mtu anamchunguza mwenzie, na hakuna aliyekuwa na jibu sahihi.

Bado tuko pamoja. Kusamehe nimesamehe. Kuaminiana ndiyo tunaanza upya, polepole, kama wachumba.