Ofa Tatu Alizofuta Mama

Mama yangu hakulipenda neno ofa. Alilifahamu kupitia mfanyabiashara mmoja wa kando ya barabara kuu pale Gilgil, aliyekuwa akinunua mazulia yake na kuwauzia wasafiri. Kila Mama alipomfikia na zulia begani, yule jamaa alilikunjua, akalisifu, akaita na wenzake waje walione, kisha akatabasamu. "Sasa mathe, leo utatufanyia ofa gani?"

Kwetu ofa ni kupunguziwa. Ni supu ya bure kwa aliyenunua nyama, ni sabuni mbili kwa bei ya moja. Hakuna aliyewahi kutufundisha maana nyingine. Mama alikaa wiki saba akifuma zulia moja, na kila mara liliishia kwenda kwa bei ya ofa, kwa sababu yule jamaa alikuwa peke yake barabara nzima na alijua hivyo. Mama alirudi nyumbani, akaketi mbele ya mtambo wake wa kufumia, akaanza lingine. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na kuanzia hapo kila nilichovaa, kila daftari, mpaka ile karo ya chuo cha kompyuta pale Nakuru, vilitoka katika zile mbao nne zilizosimama sebuleni kwetu na kutunyima nafasi ya kuweka meza.

Mwaka 2007 nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimepata kazi katika cyber moja mjini Nakuru na kupanga chumba mtaa wa Section 58. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kaunta, kuwafungulia watu barua pepe, kuwachapia barua za kuomba kazi na kuwaambia kwa upole kwamba muda wao umeisha. Mtandao ulikuwa wa polepole. Ungeweza kubofya ukurasa, ukaenda kununua mandazi, ukarudi ukaukuta bado unafunguka. Lakini mimi nilijiona mtu mkubwa. Nilivaa kitambulisho shingoni hata nikienda kanisani.

Mwezi wa nane nilienda nyumbani, nikamkuta jirani yetu seremala akipima mtambo wa Mama kwa futi yake. Alitaka mbao za kujengea banda la kuku. Mama alinieleza bila kunitazama kwamba amechoka. Zulia la mwisho alikuwa amelimaliza, na hilo hangempelekea yule jamaa. Ikifika mwezi wa kumi na mbili seremala angebeba mbao, naye angeenda Naivasha kutafuta kibarua cha kukata maua.

Nilihisi mtu ameniambia nyumba yetu inang'olewa mlango. Nilimwomba anipe lile zulia na muda mpaka huo mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa nimeona soko fulani la mtandaoni ambako watu waliuza vitu vya mikono, nawe ulitaja bei yako, kisha wanunuzi wakatuma zao. Likiuzwa kwa bei yake, mtambo ubaki. Lisipouzwa, nami nitamsaidia seremala kubeba. Mama aliangalia kitambulisho changu, nadhani, zaidi ya alivyoniangalia mimi. Akakubali.

Bei aliitaja yeye: elfu kumi na mbili. Picha nilipiga kwa kamera ya kuazima. Maelezo niliyaandika mwenyewe, kwa Kiingereza, usemi wa mtu aliyesoma.

Wiki tatu baadaye zilikuwa zimeingia ofa tatu. Nilimpigia Mama simu, nikamwambia tu kwamba mambo yanaenda vizuri na aje Jumamosi ajionee. Alikuja amevaa koti lake la kanisani. Nilimketisha kwenye mashine namba nne, nikamfungulia ukurasa wetu na kumwambia asome bila kugusa kitu. Kisha mteja mmoja akapata shida na printa, karatasi zikakwama, nikaenda kuzivuta moja moja.

Mama alikuwa na Kiingereza cha darasa la saba, cha kusoma kwa kidole. Alisoma kwamba ana ofa tatu; bei zenyewe zilionekana tu ukizifungua. Kando ya kila ofa palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Cancel", na hilo neno alilijua sana, maana mwalimu wao wa hesabu alikuwa akiwaambia kila siku, ukikosea usifutefute na kuchafua daftari, kensel kwa mstari mmoja uendelee. Nilipomaliza printa nilimkuta ameegemea kiti, mikono kifuani, ametulia.

"Walikuwa wameniwekea ofa," aliniambia. "Tena tatu. Nimezikensel zote."

Nilitazama. Ukurasa ulikuwa mweupe. Palikuwa na picha ya zulia, bei yetu, na chini yake hakuna kitu. Nilikaa kwenye kiti cha mteja aliyekuwa ameenda chooni.

"Mami, hizo ofa si za kupunguza," nilimwambia. "Hapa ofa ni bei ambayo mtu anasema atalipa. Hao ni watu watatu walikuwa wanataka kununua."

"Kununua kwa ngapi?"

"Mmoja elfu tisa, mwingine kumi. Na huyu wa mwisho aliweka kumi na tano."

Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabega, na mimi kwa hasira zangu nikajikuta nacheka pia. Ilikuwa ajali ya Kigilgil kabisa. Hakuna mwanamke mwingine duniani ambaye angekataa elfu kumi na tano kwa kumkumbuka muuzaji wa barabarani.

Ofa ikishafutwa pale haikurudi, lakini uliweza kumwandikia mnunuzi na kumwomba aitume upya. Nilivuta kibodi, nikaanza kumwandikia yule wa kumi na tano, aliyekuwa ng'ambo. Mama alinigusa mkono.

"Ngoja. Mimi nilisema kumi na mbili. Kwa nini yeye aweke kumi na tano?"

"Amelipenda."

"Mtu akipenda kitu hupunguza bei kwanza. Alisema nini?"

Hapo ndipo mambo yaliponigeukia. Ujumbe alioutuma mnunuzi pamoja na ofa ulikuwa bado kwenye sanduku letu, naye Mama alikuwa ameketi pale pale kando yangu. Nilimsomea kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: mnunuzi alisema ameguswa sana, na angependa kumsaidia mama huyu maskini.

"Mama yupi?"

Aliweka kidole kwenye kioo, akapanda nacho juu mpaka kwenye maelezo yangu, akasoma herufi kwa herufi mpaka akafika. *Made by a poor widow.* Limetengenezwa na mjane maskini. Nilikuwa nimeona wauzaji wengine wameandika hivyo na vitu vyao vinatoka haraka, nikaiga. Sikufikiria mara mbili. Hata nilijivunia ile sentensi, kwamba haina kosa la sarufi.

Mama hakunifokea. Ningependelea anifokee. Alisema tu, "Hiki Kiingereza umesomeshwa na nani?"

Jibu tulilijua wote wawili. Kilisomeshwa na mtambo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, na kitambulisho shingoni, nikamuuza mama yangu kabla sijauza zulia lake. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

"Niwaandikie waweke tena?" niliuliza, maana mwezi wa kumi na mbili haukuwa mbali na seremala hakuwa mtu wa kusahau.

"Hapana. Hao hawakuona zulia," alisema. "Wacha zikae zimekenseliwa. Mara ya kwanza nilikosea, lakini sasa nakensel kwa akili zangu. Futa hiyo ya maskini, uandike nitakavyosema."

Akasema, nami nikatafsiri. Zulia hili limefumwa na fundi mwenye miaka kumi na tisa kazini. Sufu ni ya kondoo wa Gilgil, nyeupe, ya kijivu na nyeusi, imesokotwa kwa mkono. Rangi ya kutu imetoka kwa maganda ya vitunguu na haichuji. Bei ni elfu kumi na mbili.

"Niongeze pale mwisho 'tafadhali'?" niliuliza.

"Ya nini?"

Hatukuongeza.

Mwezi wa kumi ulipita bila ofa hata moja. Kila asubuhi, kabla sijawafungulia wateja, nilifungua ukurasa wetu na kukuta ule weupe. Mama alipiga simu Jumapili, akauliza habari za kazi, chakula, mvua, asiulize habari za zulia, na nilijua kwamba haulizi kwa makusudi ili nisitamani kurudisha lile neno. Nikiri kwamba nililitamani. Mara moja nililiandika kabisa, nikaliangalia, nikalifuta. Mwezi wa kumi na moja ulipofika katikati, alinitajia kama habari ya kawaida kwamba seremala amenunua misumari.

Ndipo ukaja ujumbe, si wa ofa, wa swali. Mtu alitaka kujua upande wa nyuma wa zulia ukoje. Nilimpigia Mama papo hapo nikamsomea.

"Huyo anajua," alisema. "Mwambie aje ageuze mwenyewe."

Niliandika hivyo nikidhani namwambia mtu wa ng'ambo. Alijibu kwamba yuko Nakuru hapa hapa, na atakuja Jumamosi pale cyber, nikamwita Mama naye aje.

Alikuwa mama wa Kihindi wa makamo, wa familia yenye duka la vitambaa mjini, amevaa sweta juu ya sari na raba miguuni. Tulilitandaza zulia sakafuni katikati ya mashine, wateja wakainua miguu. Hakulitazama juu hata kidogo. Alipiga magoti, akakunja kona, akapitisha kidole gumba kwenye mafundo ya nyuma, safu baada ya safu, akiyahesabu kwa midomo. Kisha akatoa leso, akailowesha kwa maji ya chupa, akasugua ile rangi ya kutu kwa nguvu. Leso ilibaki safi. Mama alisimama juu yake mikono nyuma.

"Mama, nani alikufundisha?" mgeni wetu alimuuliza.

"Mikono, mama."

"Kumi na moja," akasema yule mwanamke.

"Kumi na mbili."

"Mimi niko karibu. Posta hakuna."

"Posta sikuweka kwa bei."

"Basi kumi na moja na nusu, nichukue sasa hivi."

Mama akainama, akaanza kukunja zulia. Nilifungua mdomo. Mia tano tu, jamani, na zilikuwa zimebaki wiki mbili. Mama alinikanyaga kidole cha mguu bila kugeuka, kwa kisigino, na akaendelea kukunja taratibu, kona kwa kona. Alikuwa amefika nusu yule mwanamke alipotoa pochi. Alilipa kumi na mbili zote juu ya kaunta yangu, na hakuonekana kukasirika. Alionekana mtu aliyefurahia mchezo.

"Hili nililiona tangu mwezi wa tisa," alituambia akifunga pochi. "Lakini ilikuwa imeandikwa mjane maskini, nikapita. Vitu vya kuuziwa huruma hufumuka haraka. Aliyevifuma hajali mafundo ya nyuma. Juzi nikaona sasa imeandikwa fundi, nikauliza."

Mama hakunitazama. Alijua hakuna haja. Alimwomba yule mwanamke amrudishie zulia dakika chache tu, akalikunjua kona moja juu ya kaunta, akatoa sindano na uzi mweusi mkobani. Yule jamaa wa barabarani alikuwa amemkataza kuweka alama yoyote, wanunuzi wasije wakamtafuta wenyewe. Sasa alishona jina lake. Hakuweka herufi mbili za kwanza, aliliandika lote, majina yake matatu, kwa mwandiko ule ule wa darasa la saba, na mimi nikimshikia kona isiteleze. Ilichukua muda. Foleni ilijaa mbele yangu, mtu wa printa akaita mara mbili, na mama wa duka la vitambaa akavuta kiti akaketi kungoja.

"Boss, huyo ni nani?" aliuliza kijana mmoja wa foleni.

"Ni mama yangu," nilimjibu. "Ni fundi wa mazulia." Kisha nikawaambia na wale wengine wa foleni, mmoja mmoja, hata ambao hawakuwa wameuliza.