Maji ya Samaki Sebuleni kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipoletwa kulala kwetu, nilifikiria mambo mawili: mguu wake na tangi langu la samaki. Ningependa kusema nilianza na mguu. Mungu ananiona, sikuanza na mguu.

Alitoka Kuluba, upande wa Koboko. Ana kisukari, na kidonda kilikuwa kimemtoka kwenye muundi kikapanda hadi karibu na goti. Daktari wa hapa Arua hakuzunguka: kidonda kioshwe na kufungwa kila siku, asiruke siku, la sivyo mguu utakatwa. Kwao kituo cha afya kiko mbali, na mvua ikinyesha watu wa boda wanaikataa ile barabara. Kwa hiyo ilibidi akae mjini mpaka kidonda kifunge, na mjini hana mtu ila binti yake, yaani mke wangu.

Sasa, kwetu mama mkwe halali kwa mkwe wake. Mkwe hali mbele yake, hamtazami usoni, hakanyagi anakolala. Watu wa mke wangu ni Wakakwa, sisi wa Ayivu ni Walugbara, na nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu hakuna aliyejifunza vizuri lugha ya mwenzake. Lakini kwenye hilo la wakwe hatuhitaji mkalimani. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakasema ugonjwa hauchagui nyumba, mama alale kwa binti yake, ila tuheshimiane.

Tunapanga vyumba viwili chini ya Arua Hill. Chumba kimoja tunalala sisi na watoto. Mama akapewa sebule. Tangi liko sebuleni, na ni la kioo, halibebeki likiwa na maji. Kuanzia siku hiyo mimi nikawa mtu wa mlango wa nyuma.

Tangi hilo aliniachia mfanyabiashara mmoja wa Sudan Kusini aliyekuwa anarudi Juba. Samaki wenyewe ni wadogo, wana mstari wa bluu ubavuni unaowaka kama taa ya simu. Mgeni akifika kwangu swali lake la kwanza ni wataiva lini. Nimelizoea, nacheka naye.

Kazi ya samaki hawa ni maji. Natumia ya mvua, yanayotoka kwenye mabati, kwa sababu maji ya bomba yana dawa. Maji ya mvua ni mazuri lakini ni matupu, hayana kitu ndani cha kuyashikilia yasibadilike. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula yanayafanya machachu polepole, na wewe huoni, maji ni meupe vilevile. Uchachu huo ndio ulioandikwa pH kwenye pakiti ya vikaratasi vya kupimia. Unachovya kikaratasi, unangoja, unatazama rangi. Kijani, kalale. Njano, maji yamechacha. Bluu, yamevuka upande wa pili, upande wa magadi na sabuni. Ndani ya tangi naweka kifuko cha kitambaa chenye maganda ya konokono yaliyopondwa. Yanayeyuka kidogo kidogo na kuzuia uchachu. Ila kubwa kuliko yote ni kwamba usigeuze maji ghafla. Samaki anaweza kuzoea uchachu kiasi, lakini maji yakiruka kutoka njano hadi bluu kwa mara moja, anaungua mashavuni, anapanda juu akitweta, na kesho unamwokota.

Siku za kwanza nilijikaza. Mke wangu alikuwa ananiletea maji ya tangi kwenye kikombe, nami napima kwenye baraza la nyuma. Yalitoka kijani kila mara, nikatulia. Halafu asubuhi moja kikaratasi kikawa njano kama embe. Nikamuuliza mke wangu anawapa samaki chakula kiasi gani. Akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo, kisha akasema ukweli. Mama alikuwa anawamegea mandazi.

“Iko peke yake siku nzima,” alisema. “Iko naongea nao.”

“Mwambie aache. Yale makombo yanaoza.”

“Mimi niende kuambia mama yangu mandazi yake iko naharibu maji ya samaki yako? Ingia wewe, mwambie.”

Alijua siwezi kuingia. Nikamezea. Mandazi yakaendelea, na uchachu nao ukaendelea.

Nikaamua kuyasahihisha maji kwa mbali. Niliyeyusha magadi, haya haya ya kupikia mboga, kwenye chupa ya soda, nikampa mke wangu na maelekezo: kifuniko kimoja asubuhi, kingine jioni, basi. Mke wangu ana mgonjwa wa kuosha, ana watoto, ana jiko. Alimimina chupa yote akaenda zake. Kikombe kilichofuata nilichovya kikaratasi kikatoka bluu, bluu kabisa.

Roho ilinitoka. Niliacha kazi mjini, ninakouza vifaa vya simu, nikarudi nyumbani mchana kumuuliza mke wangu samaki wanapumuaje.

“Wanapumua.”

“Wanaogelea vipi?”

“Kama samaki.”

Nikamwomba aingie na simu apige video nione mashavu yao yanavyokwenda. Mikononi alikuwa na beseni la vitambaa vya kidonda.

“Mama iko naumwa, usaha iko natoka, na wewe nataka video ya samaki?”

Hapo ndipo nilipaswa kuona aibu, na yote yangeishia hapo. Mimi nikaona hasira. Nilisema moyoni huyu mwanamke hajui kuangalia, anaona tu kama kitu kinatikisika au hakitikisiki. Akatoka kwenda kutafuta bandeji dukani. Nikabaki nyuma ya nyumba na hasira yangu na wale samaki wanaotweta, ambao sikuwa nimewaona, nilikuwa nimewaota tu.

Tangi liko karibu na dirisha. Nilijua mama akishameza dawa hulala mchana. Nikajiambia ni jicho moja, ni pembe ya pazia, naangalia kioo, siangalii kitanda. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nikaingiza kidole, nikalivuta pazia.

Hakuwa amelala. Alikuwa ameketi kwenye godoro, amepandisha kitenge juu kabisa ili kidonda kipate hewa, miguu yote miwili nje. Tulitazamana. Mimi na mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumtazama machoni, tulitazamana uso kwa uso, na yeye akiwa hivyo.

Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, “Nani?”

Ningeweza kujibu. Ningesema, mama nisamehe, ni mimi, naangalia maji. Mtu mwenye nia safi hujibu. Mimi niliachia pazia nikakimbia, nikazunguka choo, nikapita kwa jirani, nikatokea barabarani nikitembea kama mtu anayetoka kazini. Watu wazima hawakimbii hivyo. Hata mbwa wa jirani alinibwekea, na huwa hanibwekei.

Nilipata tumaini la kijinga kwamba jua lilikuwa nyuma yangu na hakunitambua. Jioni mke wangu alikuja barazani akasimama mbele yangu, hakuketi. Mama alikuwa amemwambia nani aliyefunua pazia, kisha akampigia mwanawe Koboko. Hakumwambia sababu. Alimwambia tu aje amchukue.

“Mwambie ni samaki,” nilisema.

“Nimesema. Yeye nalia tu.”

Shemeji yangu alifika kesho yake pamoja na baba mdogo wao. Walikaa kwenye baraza, wakakataa chai, nikajua hali si nzuri. Mama alikuwa amehamia jikoni, kwenye moshi, ili asiwe kwenye chumba chenye dirisha lile. Mimi nilikalishwa kwenye kigoda, kichwa chini. Baba mdogo, aliyekuwa ameshaelezwa na mke wangu, aliniuliza nilikuwa natafuta nini dirishani kwa mkwe wangu. Nikaeleza. Nilieleza maji ya mvua, nikaeleza uchachu, maganda ya konokono, magadi, mashavu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo, na nilikuwa nasema kweli tupu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Maneno hayo yalinifika mdomoni, nikayarudisha, kwa sababu dirisha lilikuwa na pazia na nililifunua kwa mkono wangu.

“Shemeji,” kaka wa mke wangu alisema, si kwa ukali, “mutu mukubwa nachungulia mama mugonjwa kwa sababu ya rangi ya maji?”

“Twendeni mkaone,” nilisema. “Maji yalikuwa yanawaua.”

Tukaingia wote. Na kati ya mlango na tangi nilifanya jambo linaloniumiza kuliko lile la dirishani. Niliomba wawe wamekufa. Wote, au angalau mmoja, alale ubavu, aelee, ili watu hawa waone kwamba kulikuwa na hatari na mimi si mtu wa aibu. Nilisema Mungu nipe maiti.

Walikuwa wazima. Walikuja mbele ya kioo wote kwa pamoja, wamenona, mistari inawaka, wanangoja mandazi. Kulikuwa na ndoo tupu ya maji ya mvua pembeni. Mke wangu alikuwa amegundua mwenyewe kosa la chupa, akawa anabadilisha maji kidogo kidogo tangu jana yake asubuhi, bila kuniambia, kwa sababu nilikuwa nimeshamchosha. Nilipofunua lile pazia, hakukuwa na kitu chochote cha kuona humo ndani isipokuwa kile nilichokiona.

Shemeji yangu aliinama, akatazama kwa makini, mtu wa haki.

“Samaki iko sawa,” alisema.

Nilitoa mbuzi. Ndiyo desturi, na baba mdogo alimpokea akasema maneno yanayosemwa, yakaisha. Mbuzi alimaliza mambo ya macho. Hakuweza kumrudisha mama sebuleni. Nilisema mimi nitahama, nitalala Ayivu kwa ndugu zangu hata miezi, yeye abaki kwa binti yake atibiwe. Mke wangu alipeleka maneno hayo jikoni. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba hawezi kumfukuza mwanamume kwenye nyumba yake. Hata katika hilo aliniheshimu. Wakampakia kwenye gari la kukodi, kitenge amejifunika hadi kichwani, nami nikiwa nimetumwa mbali, nyuma ya choo, nisionekane.

Kule Kuluba walijitahidi, sitawalaumu. Boda wa kumpeleka kituo cha afya walipatikana siku moja, siku nyingine hawakupatikana. Mke wangu alikwenda, akarudi, akaenda tena. Kabla mvua hazijaisha mguu ulikatwa juu ya goti. Mke wangu alinipigia simu kutoka hospitalini, akaniambia kwa maneno machache, na hakuongeza kitu. Mpaka leo hajaniambia kwamba ni mimi. Maji ya tangi bado anayabadilisha yeye, na yako kijani siku zote. Mimi hupita sebuleni bila kugeuza shingo.

Mwaka huu kulikuwa na ubatizo kwao, ikabidi niende. Boda alinishusha barabarani nikafuata njia ya miguu inayokatiza kwenye mihogo. Mbele yangu nikamwona anakuja, peke yake, kwa magongo, kitenge kimefungwa fundo upande usio na mguu. Na yeye akaniona.

Kwetu mama mkwe akikutana na mkwe njiani, huacha njia, huingia pembeni na kugeuza mgongo mpaka mkwe apite. Mwanamke mwenye miguu miwili hufanya hivyo bila hata kufikiri. Yeye alianza kushuka. Gongo lilizama kwenye tuta, akalichomoa, akalitupa mbele tena, likazama. Nilitaka kusema mama, kaa hapo hapo, njia ni yako. Lakini mkwe hampigii mama mkwe kelele shambani, na sauti yangu mimi hasa, kwake, sijui ingekuwa nini. Nikafanya nililoliona jema. Niligeuka nikarudi nilikotoka, haraka, ili nimwachie njia yote.

Nilipofika barabarani nikaangalia nyuma. Alikuwa katikati ya mihogo, kwa mguu mmoja, amegeuza mgongo kama inavyotakiwa, kichwa ameinamisha. Hakuwa ameona kwamba nimeondoka. Alikuwa ananingoja nipite.