Papa Alipobeba Kitunga cha Mama

Sale ya video, yaani ukumbi wa sinema, ya kijiji chetu cha Kingi ilinuka petroli ya jenereta, makoti yaliyolowa mvua na maziwa yaliyoanza kuchacha, kwa sababu wanaume wengi waliingia humo wakitoka kuuza maziwa, wakiwa bado na bidoni zao, yale madumu ya maziwa, mkononi. Ilikuwa nyumba ya mbao yenye mabati juu, mabenchi marefu na televisheni moja iliyowekwa juu ya meza. Mwenyewe aliitwa kaka Safari, kijana aliyemaliza sekondari, na kazi yake ya pili ilikuwa kutusimulia kwa Kiswahili yale yaliyosemwa kwa Kifaransa. Tulikuwa tumezoea filamu za ngumi na bunduki. Lakini mwaka ule wa mvua nyingi kaka Safari alirudi kutoka Goma na mfuko wa filamu ambazo zote, sijui ni kwa bahati gani, zilikuwa za mji wa Paris. Jumapili baada ya misa tulioneshwa mnara wa chuma, mto wenye madaraja mengi, na watu wawili wanaotafutana mji mzima ili mwishowe wakumbatiane. Walipobusiana, akina mama walivuta vitenge usoni, vijana wakapiga miluzi, na mimi, msichana wa miaka kumi hivi niliyekaa kando ya papa yangu, nilitazama vidole vya miguu yangu mpaka kaka Safari aseme, “Basi, imepita.”

Papa alikuwa mtu wa ng’ombe. Tuliishi kwa maziwa na jibini, na kwa viazi na maharagwe ambayo mama alilima kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Hakuwa msemaji, nadhani ng’ombe wake waliyasikia maneno yake mengi kuliko sisi watoto. Filamu zile hazikumchekesha wala hazikumwudhi. Alikaa mbele, mikono miwili juu ya fimbo, akitazama kama mtu anayesikiliza mahubiri. Siku moja kilipita kipande ambacho wengine walikipigia miayo. Mvua inanyesha Paris, mwanamke anashuka kwenye treni na mizigo miwili mikubwa, mwanaume aliyekuwa akimngoja anaibeba yote miwili na kumwachia mwavuli tu, kisha wanapita katikati ya watu. Hakuna zaidi. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, papa alisema bila kunitazama, “Riziki, umeona yule bwana? Hapana mutu mwenye alimucheka.” Nikasema, “Ndiyo, papa.”

Watu wa pwani husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Kwetu Masisi mzigo mzito hupewa mama. Mwanamke hubeba kitunga mgongoni, kamba ikapita kwenye paji la uso, shingo ikanyooka mbele kama ya ng’ombe anayepanda mlima. Mume hutangulia na fimbo yake, akisalimiana na watu. Hakuna aliyeona ajabu, na mimi sikuona ajabu, maana mtoto hufikiri kwamba dunia iliumbwa ikiwa hivyo. Siku ya soko iliyofuata, mama alijaza kitunga viazi akapiga magoti ili akiinue. Papa alikuja akamwondoa taratibu, akajivika kamba kichwani, akasimama. Kisha akampa mwavuli. Mama alibaki na mwavuli mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine. Mvua ilikuwa ikinyesha, ikabidi aufungue. Wakashuka hivyo kwenda sokoni, papa ameinama, mama kando yake akimkinga, na mimi nyuma yao nikiwa na kuku kwapani.

Sitaisahau njia ile. Wanawake waliokuwa wakipalilia walisimama na majembe yao. Mzee mmoja aliitikia salamu ya papa kisha akageuka kumtazama mpaka tukapotea kwenye kona. Masikio yangu yaliwaka moto, nikatamani mvua iongezeke mpaka pasiwe na mtu wa kutuona. Papa alitembea vile vile, hatua kwa hatua, akipumua kwa nguvu. Wiki iliyofuata akafanya tena, na iliyofuata tena. Akaongeza kuni, akaongeza maji. Shuleni walianza kumwita Papa Paris. Walitunga wimbo, na wakati wa mapumziko wasichana niliocheza nao kamba waliuimba wakipiga makofi, wakiniangalia usoni waone kama nitalia. Sikulia. Nilijifunza kukaa darasani wakati wa mapumziko na kujifanya kwamba nina mengi ya kunakili.

Ndipo alipokuja shangazi Feza, dada mkubwa wa papa. Hakukubali kiti wala maziwa. Alisimama mlangoni, akamsemesha mama kana kwamba papa hakuwemo. “Mama Riziki, ulimukulisha nini ndugu yangu? Mwanaume mwenye akili hawezi kubeba kitunga. Iko sawa mutu mwenye walimuroga.”

“Hapana kitu alinikulisha,” papa alisema kutoka kando ya moto. “Njo mimi mwenyewe nilitaka.”

“Hata mwenye walikulisha anasemaka vile,” shangazi akajibu.

Hapo nilielewa jambo ambalo papa, pamoja na utulivu wake wote, hakuwa amelielewa. Yeye alibeba viazi, lakini aibu aliibeba mama. Kwa papa walicheka tu, kama wanavyomcheka mlevi. Kwa mama walinong’ona kwamba ni mchawi. Kanisani akina mama wa kwaya walisogea mbali kidogo kwenye benchi alipokaa. Jirani aliyezoea kuchukua maziwa kwetu aliacha kuja, kwa kuogopa kilichomo. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mama alikonda. Usiku nilimsikia akimsihi papa, naye akijibu neno moja tu, “Mugongo,” na sikujua ni mgongo wa nani wala una nini.

Mwisho ulikuja sokoni, saa ya watu wengi. Vijana wawili walikuwa wametungoja kwenye lango la soko. Mmoja alijifunga kitenge, akajitwika kitunga kitupu, akawa anayumba na kulia kama mbuzi. Mwenzake alimshikia jani la mgomba juu ya kichwa na kumrushia mabusu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Papa alitaka kupita. Mama akasimama katikati ya njia.

“Papa Riziki, tua kitunga.”

“Tumeshakaribia.”

“Tua. Ni mimi njo wanacheka, hapana wewe.”

Papa alipiga magoti matopeni, akatua. Mama akakunja mwavuli, akampa, akajivika kamba, akainuka na mzigo wake akaingia sokoni bila kutazama mtu. Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Papa alibaki pale na mwavuli uliofungwa, mvua ikimnyeshea kofia. Kwenye paji lake la uso kulikuwa na alama nyekundu ya kamba. Kisha akageuka akarudi nyumbani kwa ng’ombe. Wengi wape, wahenga walisema, usipowapa watachukua wenyewe. Walichukua. Siku ya soko iliyofuata papa alitangulia na fimbo, jirani akarudi kuchukua maziwa, wimbo ukaisha, na nikarudi kucheza kamba. Papa hakuingia tena kwa kaka Safari.

Miaka mingi baadaye, vita ikiwa imetutoa Kingi kama ilivyowatoa wengine, nilimwuliza mama kuhusu kitunga kile. Tulikuwa tukichambua maharagwe. Aliniambia kwamba mwaka ule, kabla ya mvua, muuguzi wa hospitali alikuwa amemwonya aache mizigo, mgongo wake ulikuwa umeharibika. Papa alilijua hilo lakini hakujua mwanaume anaanzia wapi kumbebea mkewe, mpaka alipomwona yule bwana wa kwenye treni. “Haya iliniua, mutoto wangu,” mama alisema. Akachambua kidogo. “Ila mugongo ilipumuzika.” Leo hawezi kuunyoosha, akitaka kumtazama mtu usoni, lazima akae.

Sasa naishi Bweremana, kando ya ziwa. Paris imeingia kwenye simu za kila mtu. Vijana hutumiana ule mnara ukiwa na mioyo myekundu juu yake, na mume wangu, Amani, tuliyeoana kwa hiari yetu wenyewe, huniita sheri, yaani mpenzi kwa Kifaransa, mbele ya wageni bila mtu yeyote kugeuka. Tumebadilika, husema watu. Mwezi uliopita tulikuwa tukitoka shambani, nami nimebeba kitunga cha mihogo. Kwenye kilima Amani alisimama akanyoosha mkono. “Leta, nikusaidie.”

“Acha,” nikamwambia. “Watu wanatuangalia.”

“Nani?”

Nilitazama mbele na nyuma. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Hata hivyo nilikaza kamba kwenye paji la uso, nikainama, nikapita.