Kuhe Aliyechukuliwa na Mtani

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilikoweka miwani. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Baba yangu alikuwa fundi wa reli hapa Tabora, na alipopata likizo alitupakia wote kwenye gari moshi kwenda Kigoma, tukavue samaki na kupumzika ufukweni. Stesheni ya Kaliua tulinunua asali, tukaila kwa vidole njia nzima. Asubuhi tuliposhuka, Bibi, mama yake Baba, alilitazama ziwa akasema, "Kumbe bahari ndiyo hii."

"Hili bwawa," akajibu Mzee Kondo. "Nyie Wanyamwezi mnajua mizigo tu, maji mtayajulia wapi?"

Mzee Kondo alikuwa Mzaramo, fundi mwenzake Baba. Sisi na Wazaramo ni watani tangu zamani za misafara, babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani. Mtani anakutukana, anachukua kitu chako ukimwona, na wewe hununi. Hayo niliyajua, ila nilikuwa na miaka kumi na minane na kiburi changu.

Tulikuwa na Petro mchumba wangu, na mama yake. Posa ilikuwa imekubaliwa juzi juzi tu, na nilitaka yule mama anione mtu wa maana. Basi tulikaa juu ya mawe na ndoano zetu, mihogo inachomwa, watu wanapiga soga, wala hakuna aliyejali kama samaki wanakuja au hawaji. Mara ndoano yangu ikavutwa. Nilishindana nayo mpaka viganja vikachubuka, nikamtoa kuhe mrefu kama mkono wangu. Nikampeleka kwa mama yake Petro, nikapiga goti. Kabla hajampokea, Mzee Kondo akamnyakua.

"Mnyamwezi na samaki wapi na wapi? Huyu wangu." Akaondoka naye anacheza.

Watu wakacheka. Mimi nikaona nimeaibishwa mbele ya mkwe. Nikasimama nikamwambia, "Wewe mzee ni mwizi." Na sikusema kwa utani, machozi yalikuwa yananitoka.

Kicheko kikakatika. Mzee Kondo akarudi, akamweka kuhe miguuni pangu taratibu. "Samahani, binti," akasema. "Nilidhani niko kwa watani." Akaenda pembeni peke yake, akaanza kukusanya vitu vyake aende stesheni. Nikamtazama Baba. Uso wake ndio ulionitisha, maana alikuwa anampoteza rafiki wa miaka yote kwa ajili ya mdomo wangu.

Bibi akanishika sikio. Ndiyo, sikio, na mkwe anaangalia.

"Mtani haibi," akasema. "Babu yako aliugua homa huko Uzaramo, msafara ukamwacha njiani. Aliyemnywesha uji miezi miwili alikuwa mtani. Asingekuwa yeye, baba yako asingezaliwa. Sasa wewe huyo samaki ungemvua ukiwa wapi?"

Niliona haya sana. Nikataka kwenda kumpigia magoti, Bibi akanizuia. "Ukimlilia utamfanya mgeni kabisa. Nenda kamchukulie kitu."

Viatu vyake vilikuwa juu ya jiwe, alivivua asubuhi alipoingia majini. Nikavichukua vyote viwili, nikavitia kapuni, nikalikumbatia lile kapu. Alipokuja kuvitafuta nikamwambia, "Mzaramo na viatu wapi na wapi? Hivi vyangu."

Akalitazama kapu, akanitazama mimi. Kisha akacheka mpaka akakaa mchangani, na Baba naye akacheka, nikajua nimepona. Kuhe tulimla wote. Kichwa alikula Mzee Kondo, na mama yake Petro ndiye aliyempakulia.

Miaka mingi baadaye Baba alifariki. Mzee Kondo, mzee wa kweli sasa, alikuja na mkongojo wake kutoka mtaa wa Ipuli, akafika kabla ya ndugu zetu. Siku ya kuzika akakaa ukingoni mwa kaburi, akazuia jeneza.

"Huyu hazikwi," akasema, "mpaka binti yake anirudishie viatu vyangu."

Nililia na kucheka pamoja, mwanangu. Nikavua vyangu nikampa. Akavitia kwapani, akasogea, na udongo wa kwanza akautupa yeye.

Ndiyo maana nakusihi usiwe mwepesi wa kununa. Anayekuzoea hadi kukunyang'anya samaki mkononi amekuhesabu wake, na siku ya msiba utamwona. Ukimkosea, mrudie siku hiyo hiyo, tena kwa njia mnayoelewana. Mimi namshukuru Mungu kwamba nilikuwa na Bibi wa kunivuta sikio mapema. Akupe na wewe watu wa kukutania, akuzidishie umri pamoja nao, na siku utakapolia, awepo mmoja wa kukudai viatu.