Kaputula Hakuzaliwa Mkali

Siku ile uani kwa babu tulikuwa watu saba. Babu yangu mzaa mama, Mzee Leonsi, mwenye kaya. Bibi Restituta, mkewe, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Mjomba Patrisi, mtoto wao, mwenye mbwa. Skola, binti wa mjomba, niliyemzidi miaka miwili. Mzee Alfonsi, jirani yetu wa upande wa bondeni, aliyekuja kudai haki ya mkewe, Mama Felista. Mama Felista mwenyewe hakuwepo, alikuwa amelala kwake mkono umefungwa kitambaa. Bwana Salumu, mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini, aliyekuja na lori kununua ulezi. Na mimi, nikiwa na miaka kama kumi. Wote hao wamekwishatangulia, nimebaki mimi.

Mwezi uliopita vijana wa mjukuu wangu walikuwa wakibishana sebuleni juu ya mbwa wa jirani, wale wenye vichwa vikubwa. Mmoja anasema, "Hao wamezaliwa hivyo, ukatili uko kwenye damu." Mwenzake anasema, "Acha wewe, mbwa anaharibiwa na mwenye mbwa." Wakanigeukia: "Bibi, wewe unasemaje?" Nikasema chai imepoa, nikainuka nikaenda jikoni. Nikaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi, mtu mzima mimi. Basi wewe rafiki yangu nakuambia lile nililoshindwa kuwaambia wale.

Kwa babu ilikuwa ni upande wa kwenda Kaengesa, nyumba tatu za udongo na vihenge viwili vya kuwekea nafaka. Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Ufipa unaijua baridi yake, lakini ile ya miezi ya mavuno tukiwa watoto ilikuwa baridi nyingine. Asubuhi upepo unapita kwenye nyasi hakuna wa kuuzuia, umande unakata vidole vya miguu. Blanketi lilikuwa moja kwa nyumba nzima. Watu walitoka na gunia, wanaingiza kona moja ndani ya nyingine linakuwa kama kofia ndefu, unajifunika kichwa mpaka mgongoni. Kijiji chote asubuhi kilikuwa magunia yanayotembea. Na bibi akipika uji wa ulezi, ule moshi na ile harufu ya ulezi ulioungua kidogo chini ya chungu, mpaka leo nikiisikia nageuka kumtafuta.

Mbwa aliletwa na mjomba. Mjomba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kule boma, na mzungu alipoondoka kurudi kwao akamwachia mbwa jike, mdogo bado, masikio yamesimama, mgongo mweusi na miguu ya rangi ya kaki. Bibi alipoiona ile miguu akacheka mpaka akakaa chini: "Huyu kavaa kaputula ya askari!" Jina likawa hilo hilo, Kaputula.

Watu walimwogopa kabla hajafanya lolote. Walisema mbwa wa aina ile ndio wanaofuata watu kwa harufu, ndio wanaokamata wafungwa, mbegu yao ni ya kula watu. Mzee Alfonsi alikuwa akipita njia ya mbali. Nasi tuliokaa naye tulikuwa tunaona mbwa anayelala na kuku. Vifaranga vilimpanda mgongoni, yeye anafumba macho. Alitusindikiza kuchota maji, akatusubiri, akarudi nasi. Mjomba alimlisha kwa mkono wake na alisema naye Kiswahili cha boma, wakati sisi sote nyumbani tulikuwa tunasema Kifipa, kwa hiyo tuliona kama ana heshima fulani. Kisha akazaa na mbwa mmoja wa pale kijijini, akapata watoto watatu.

Kazi yangu na Skola msimu ule ilikuwa kulinda ulezi. Ulikuwa umekatwa, masuke yametandazwa uwanjani yakauke kabla ya kupigwa, na nyani walikuwa wakishuka kutoka vichakani. Watoto wa kaya nyingine walikuwa na mbwa wao wakondefu, nyani akionekana tu wanaruka. Kaputula alikuwa anawatazama nyani kama anavyotazama wageni. Siku moja nyani dume alikaa katikati ya ulezi wetu anakula kwa raha zake, na Kaputula amekaa pembeni anatingisha mkia. Wale watoto walicheka wakabingirika.

"Mbwa wenu wa mzungu ni yaya wa kuku!"

"Mpeni nyani kiti basi, mgeni wenu huyo!"

Jioni bibi akaona ulezi ulivyopungua, akanichapa mimi, Skola akaachwa kwa kuwa ni mdogo. Nikajua la kufanya. Nilikuwa nimemsikia babu akisimulia kwamba wawindaji wa zamani, kabla ya kwenda kuwinda nguruwe pori, walimfungia mbwa gizani na kumlisha manyigu yaliyotwangwa ndani ya ugali, atoke ana hasira na kila kitu. Manyigu sikuthubutu kuyagusa. Nikachukua pilipili.

Kihenge kimoja kilikuwa kitupu, kinangoja mavuno mapya. Wakubwa walipokwenda mashambani, tulimwita Kaputula kwa sauti ya upole akaja, tukamwingiza kihengeni, tukaziba mlango kwa jiwe. Tulimpa ugali wenye pilipili akala, maana alikuwa amezoea kwamba kitokacho mikononi mwetu ni chema. Kisha nikajifunika gunia kichwani, nikainama, nikatembea kwa mikono na miguu kama nyani, nikapiga makelele kama nyani, na nikamchoma na fimbo kupitia tundu la ukutani. Nilitaka awachukie nyani. Na gunia lilikuwa na rangi ya nyani, basi kwa akili yangu ya kitoto hilo lilitosha.

Kila siku tulimtoa kabla wakubwa hawajarudi. Siku ya kwanza alilia tu. Skola alicheka kuniona ninavyoruka. Siku ya pili Skola hakucheka, akasema, "Dada, tumwache, watoto wake wanalia." Kweli walikuwa wamekuja wale watoto watatu, wanayumbayumba, wanakwaruza ukuta wa kihenge kwa nje na mama yao ndani anawajibu. Nikamwambia Skola akisema kwa mtu usiku nitamwitia mzimu wa bibi yangu mzaa baba. Uongo mtupu, hata sijui alizikwa wapi. Siku ya tatu Kaputula aling'ata fimbo akaivunja. Nilifurahi. Hilo nalisema kama lilivyokuwa, nilifurahi. Siku ya nne nilipotoa jiwe alitoka ameinamisha kichwa, akanipita bila kunitazama.

Siku ya tano alfajiri imekwisha, jua bado halijapata nguvu, Mama Felista alikuja kuomba moto. Enzi hizo kiberiti kilikuwa kitu cha kutunzwa, moto ukizimika kwako unakwenda kwa jirani na kigae unapewa makaa mawili matatu. Alikuja kama kila mtu alivyokuja asubuhi zile, amejifunika gunia kichwani. Aliinama mlangoni kwa bibi akapokea makaa, akageuka.

Sikuona alivyoruka. Nilisikia kigae kikipasuka, nikaona makaa yametawanyika uani na Mama Felista yuko chini, na Kaputula ameshika mkono juu ya kifundo, anatikisa. Mjomba alimwita mara moja kwa jina. Akaachia papo hapo. Akarudi nyuma, akakaa, akaanza kutetemeka. Lile gunia lilikuwa limemtoka Mama Felista kichwani, na mbwa alimtazama usoni kama mtu aliyegundua kwamba amekosea mlango.

Mchana ndipo tukawa wale watu saba niliowataja. Mzee Alfonsi hakukaa kwenye kigoda alichopewa.

"Niliwaambia," alisema. "Nilisema tangu mwanzo, mbegu ya boma hiyo. Ilifundishwa kukamata watu kabla mama yake hajaizaa."

Mjomba alisema, "Mzee wangu, huyu nimemlea mimi kwa mkono huu. Analala na kuku."

"Leo amelala na mkono wa mke wangu."

Bwana Salumu alikuwa amesimama mbali kidogo, kanzu ameikusanya mkononi isije ikaguswa na mbwa. Aliomba ruhusa kwa babu, akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "Mzee Leonsi, mimi dini yangu unaijua, mbwa simgusi. Lakini nimeingia uani hapa misimu miwili, huyu hajanibwekea hata mara moja. Mnyama habadiliki hivi hivi tu. Kuna aliyemchokoza." Kisha akatugeukia mimi na Skola, si kwa ukali. "Wanangu, mnashinda naye nyumbani. Hamkuona kitu?"

Babu naye akanitazama. "Sema, mama. Usiogope."

Babu alikuwa akiniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Skola alinitazama mimi, midomo yake imefunguka kidogo, anangoja niseme ili naye aseme. Kaputula alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kihenge kile kile. Ningesema neno moja ningechapwa, basi. Kuchapwa kunaisha jioni.

Nikasema, "Babu, mbwa wa wazungu ndivyo walivyo."

Nilisema kama wakubwa walivyokuwa wakisema, hata sauti niliiweka kama yao. Mzee Alfonsi akapiga makofi. "Mmesikia? Mtoto anajua." Bwana Salumu aliinamisha kichwa, akaenda kukagua magunia yake. Skola alifunga mdomo.

Mjomba alimfungua Kaputula yeye mwenyewe, akachukua shoka. Mbwa alipoona kamba alifurahi, maana kamba ilikuwa ni ya kwenda matembezi. Walishuka kuelekea kwenye mbuga ya majani marefu, yeye mbele, mkia juu, anageuka kila mara kuangalia kama mjomba anakuja. Mjomba alirudi peke yake.

Nilidhani imekwisha. Lakini Mzee Alfonsi alikuwa bado amesimama. Akasema, na watoto wake je? Bibi alisema, "Hao wananyonya, Mzee." Akajibiwa mbegu ni ile ile. Babu aliwatazama wale wadogo, na mimi nilikuwa pale, nikiwa na nafasi yangu ya pili mkononi. Babu akatikisa kichwa kukubali. Mjomba alikataa kuwagusa. Mzee Alfonsi aliwachukua kwenye kikapu akaenda nao mtoni.

Mjomba hakumlaumu mtu. Mwaka uliofuata alikwenda kufanya kazi Wampembe, akaoa tena huko, na hakufuga mbwa tena. Kijijini iliaminika kwa miaka mingi kwamba mbwa mwenye masikio yaliyosimama ni muuaji. Nimewaona wakipigwa mawe, hata wale wa kwetu wa kawaida ambao masikio yalisimama kwa bahati mbaya tu, na hukumu hiyo niliithibitisha mimi.

Mkono wa Mama Felista ulipona lakini vidole viwili havikukunjika tena. Nikaanza kwenda kumtwangia, kumchotea maji, kumpepetea ulezi. Nilifanya hivyo mpaka nilipoolewa. Akawa ananishika kichwa na mkono ule ule, anawaambia wanawake wenzake, "Mtoto mwenye huruma namna hii hajazaliwa kijiji hiki." Nami nainamisha kichwa wanasema nina adabu. Alifariki bila kujua. Skola hatukuwahi kulizungumza, miaka yote, harusi, misiba, mpaka alipofariki mwaka jana. Nilikaa kando ya kitanda chake siku tatu. Siku ya mwisho alinishika mkono akasema, "Dada," kisha akasema ana kiu.

Nilikwenda pale kwa babu baada ya maziko. Vihenge hakuna, hata mahali vilipokuwa nilikisia tu. Pamepandwa mahindi mpaka mlangoni pa nyumba ambayo haipo. Siku hizi hakuna anayekwenda kwa jirani kuomba moto.

Sasa wewe unayesoma, kama wazee wako walitoka upande ule na waliwahi kukusimulia habari hii kwa namna nyingine, nirekebishe. Majina ya watu nina uhakika nayo. Ninachotaka kuulizwa na kusahihishwa ni juu ya wale wadogo, maana hawakuwa wamepewa majina. Nimesema watatu. Lakini kuna siku nikihesabu nawaona wanne pale ukutani.