Bwawa la Shangazi Bonaria

Shangazi yangu Bonaria alichunga kondoo kwenye uwanda wa juu hapa Sardinia maisha yake yote. Malishoni kwake palikuwa na bwawa dogo lililojaa maji wakati wa baridi na kukauka kiangazi. Kila Machi maua meupe yalilifunika hata maji yasionekane.

Kisha mvua zikagoma miaka miwili mfululizo. Bwawa likabaki matope makavu yenye nyufa, na baba yangu, Gonario, akaja na trekta.

"Dada, hapa pamekufa. Niachie nilime ngano."

"Hapajafa, pamelala," shangazi alijibu. Mtaalamu wa mimea aliyekuja zamani alimweleza kwamba mbegu za maua yale huweza kungoja matopeni miaka mingi, mradi kondoo waendelee kula nyasi ndefu.

"Na wewe utalala nazo?" baba akamcheka.

"Nitazilinda. Geuza hilo lidude lako kabla sijakufungulia beberu!"

Baba aliondoka akinung'unika.

Majira ya baridi yaliyofuata mvua ilinyesha wiki tatu. Asubuhi moja ya Machi shangazi alinipigia simu, tukapanda pamoja. Bwawa lilikuwa jeupe pe, na ukungu ulielea juu yake hivi kwamba sikujua maua yanaishia wapi. Shangazi alivua viatu, akaingia polepole mpaka magotini, akafumba macho.

Nyayo zikasikika. Alikuwa baba, kofia mkononi.

"Ingia, mdogo wangu," shangazi akasema taratibu. "Maji ni baridi, lakini utazoea."

Baba akainama, akaanza kukunja suruali.