Mji wa Mimba wa Kitambaa Chekundu

Odeta hakuwa mtu wa kutulia. Alishona kwenye kibaraza cha duka moja pale Mabatini, na kila mara alikuwa kama anayetaka kuinuka aende zake. Wateja walimzoea. Walijua kwamba mumewe, Maige, alimrudisha kwao baada ya mimba yake kuharibika na kupasuliwa, kwa kuwa alitolewa kizazi akiwa bado msichana mbichi. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka kama kumi.

Mwaka wa sabini na tano nesi Celestina, Mhaya aliyehamia Igogo, alimletea mchoro na vitambaa. Alitaka amshonee viungo vya uzazi vya mwanamke, vikubwa vya kuonekana kwa mbali, akafundishie kwenye vijiji vya ujamaa.

"Hiki kama parachichi lililopinduliwa ndicho kizazi, mji wa mimba," alieleza. "Chini ni mlango wake, halafu uke. Huku juu, kushoto na kulia, mirija miwili, na pembeni vifuko viwili vya mayai. Kila mwezi yai linatoka, linaingia kwenye mrija. Likikutana na mbegu ya mwanamume, mimba inatungwa humo humo, kisha inashuka kukaa kwenye kizazi. Visipokutana, utando wa ndani ya kizazi unabomoka, mwanamke anaona siku zake."

"Na mbegu zinatengenezwa wapi?"

"Kwenye korodani. Za mwanamume utanishonea wiki ijayo."

Walicheka. Odeta akazungusha gurudumu la cherehani, akalisimamisha.

"Sista, aliyetolewa kizazi anaona siku zake?"

"Damu itoke wapi, dada yangu?"

Odeta alikitazama kile kitambaa chekundu mikononi mwake. Miaka yote hiyo alikuwa akiona damu kila mwezi na kufua kwa kujificha, akidhani ni kidonda cha ndani kilichokataa kupona. Hakumwambia mtu. Siku hiyo alimwambia Celestina.

Celestina alimpeleka zahanati, akampima.

"Kizazi kipo," alisema. "Nadhani mimba yako ilikaa kwenye mrija, ukapasuka, wakautoa. Mmoja tu, Odeta."

Hakuweza kukaa. Kesho yake aliacha nguo za watu mezani, akapanda lori la Kisesa, alikoishi Maige. Alimkuta Maige akipalilia pamba, mkewe wa sasa na watoto wakiwa mbele kidogo.

"Daktari alikwambia nini siku ile?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Alikwambia nini, Maige?"

Maige aliegemea jembe. "Alisema ametoa mrija. Mimi mrija wa uzazi ningeujulia wapi? Nilifikiri ndiyo kizazi chenyewe. Nyumbani nikasema kizazi."

"Hukumuuliza?"

"Mambo ya wanawake yale. Niliona aibu."

Odeta alikuwa amekuja na maneno tele ya kumtolea. Badala yake alikwenda hadi mwisho wa tuta, akarudi, akaondoka tena bila kuaga.

Kazi ya kushona aliimaliza kwa pupa, akafumua, akashona upya mrija wa kushoto mara mbili. Siku ya somo alifuatana na Celestina hadi kijiji kimoja kipya. Watu walipoona kinachotolewa kwenye kikapu, mwenyekiti wa kijiji alisimama haraka.

"Wanaume, twendeni. Haya ni ya akina mama."

"Wabaki," Odeta alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mke akipasuliwa, daktari anaongea na nani? Si na mume? Basi mume ajue ameambiwa nini."

Wawili waliondoka wakinung'unika. Mwenyekiti alisitasita, mwishowe akakaa, macho chini. Celestina akaanza kufundisha. Odeta akashika vitambaa juu, akigusa kila kiungo kilipotajwa.

Mwaka uliofuata aliolewa na Ngosha, kibarua wa bandarini aliyefiwa na mkewe. Alimweleza yote kabla ya posa: mrija umebaki mmoja, huenda ukatosha, huenda usitoshe. Ngosha alisema amesikia. Kila mwezi, siku zikikaribia, Odeta hakushikika. Aliacha kushona, akatembea hadi ufukweni Igogo na kurudi. Mtoto hajaja bado. Damu ikitoka huketi kwenye cherehani siku nzima, kisha humwambia Ngosha kwa sauti ya kawaida, naye humjibu, "Tutaona mwezi ujao."